Kinachobaki Baada ya Kubadili Kipimo

Nyuzi 10 za Selsiasi ni nyuzi 50 za Farenhaiti. Namba ni mbili na zimeachana mbali, lakini hakuna atakayesema kwamba mtabiri wa hali ya hewa wa London na mwenzake wa Chicago wanabishana wanapozitaja. Kwa sababu hiyo mfano huu umekuwa kimbilio la wanaotilia shaka kuwapo kwa ukweli ulio mmoja kwa wote. Wanasema: tazameni, hata joto, jambo la kawaida kuliko yote, halina namba yake lenyewe, kila jamii imejichagulia kipimo, na kila kipimo ni sahihi kwa wenyewe, basi kwa nini tudai kwamba katika maadili na katika dini upo ukweli unaomhusu kila mtu? Hoja hii ina mvuto, na wanaoitoa mara nyingi wanasukumwa na nia njema ya kutaka watu wavumiliane. Mimi naona mfano wao unathibitisha kinyume cha wanachotaka. Naona pia kwamba wapo wengine, wale wanaoukimbilia mfano huohuo ili kusema kwamba dini zote ni vipimo tofauti vya kitu kimoja, na hao wanaudai zaidi ya unavyoweza kulipa. Ili kuyaona yote mawili hatuna budi kuingia ndani ya vipimo vyenyewe, tuone jinsi vilivyotengenezwa na jinsi vinavyofanya kazi.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig, mji ambao leo huitwa Gdańsk nchini Poland, mwaka 1686, akafariki The Hague mwaka 1736. Alikuwa fundi wa vyombo vya kioo, na tatizo lililomsumbua lilikuwa la kifundi: vipimajoto vya wakati wake havikukubaliana. Viwili vilivyowekwa katika chumba kimoja viliweza kutoa namba mbili, na hakuna aliyejua kipi kinasema kweli. Mwaka 1708 alimtembelea mwanafalaki Ole Rømer huko Copenhagen, akakuta kipimo ambamo barafu inayoyeyuka ilikuwa kwenye 7.5 na joto la mwili kwenye 22.5. Alizidisha kwa nne ili visehemu viondoke, akapata 30 na 90, kisha baadaye akasogeza alama hizo hadi 32 na 96. Kati ya 32 na 96 mna nafasi 64, na 64 hugawanyika nusu kwa nusu mara sita mpaka ibaki moja. Fundi anayechora mistari kwenye kioo hawezi kuidharau namba ya namna hiyo. Sifuri yake, kama alivyoeleza katika makala ya 1724 iliyochapishwa na Royal Society ya London, ilikuwa joto la mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi. Baada ya kufa kwake watengenezaji wa vipimajoto waliona ni afadhali kushikilia maji yanayochemka kwenye 212, ili kati ya kuganda na kuchemka ziwepo nyuzi 180 kamili, na hapo joto la mwili likahama kutoka 96 hadi karibu 98. Miili ya watu haikubadilika. Kilichosogea ni alama kwenye kioo. Anayetafuta ushahidi kwamba namba za vipimo zimetokana na mikono ya watu, na mazoea yao, na urahisi wa kazi yao, ataupata hapa tele, na mimi simpingi hata kidogo.

Anders Celsius, mwanafalaki wa Uppsala nchini Uswidi, anaongeza ushahidi huohuo kwa namna inayoshangaza zaidi. Mwaka 1742 alikitangaza kipimo chake cha hatua mia, na katika kipimo hicho maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Namba ilikua kadiri baridi ilivyozidi. Miaka michache baadaye, naye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1744, kipimo kiligeuzwa kuwa kama tunavyokijua, na huko Lyon nchini Ufaransa Jean-Pierre Christin alikuwa amekwisha kufanya chake kikiwa kimesimama hivyo tangu 1743. Kwa hiyo hata uelekeo, yaani upande upi uitwe juu na upande upi uitwe chini, ulikuwa jambo la kuchagua. Lakini kabla ya kuchagua lolote, Celsius alifanya kazi nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa. Kwa majira ya baridi mawili aliweka kipimajoto katika theluji inayoyeyuka, siku za hewa nzito na siku za hewa nyepesi, akaona zebaki inarudi palepale kila mara. Kisha akaonyesha kwamba maji yanayochemka hayana uthabiti huo: kiwango cha kuchemka hupanda na kushuka pamoja na kanieneo ya hewa, hivyo kila anayekitumia lazima aseme kanieneo ilikuwa kiasi gani. Namba 100 aliichagua. Kwamba theluji inayoyeyuka hurudisha zebaki mahali pamoja hakuchagua. Alikuta ndivyo ilivyo.

Kanuni inayounganisha vipimo hivi inajulikana kwa kila aliyepita sekondari: zidisha nyuzi za Selsiasi kwa 9, gawanya kwa 5, halafu ongeza 32. Ina sehemu mbili na kila sehemu ina kazi yake. Tisa kwa tano inarekebisha ukubwa wa hatua, kwa kuwa pale Selsiasi inapotembea hatua 100 Farenhaiti hutembea 180. Thelathini na mbili inarekebisha mahali pa kuanzia. Anayezichanganya kazi hizo mbili hupotea mara moja. Mkataba wa Paris wa 2015 ulitaja lengo la kujitahidi ongezeko la joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 za Selsiasi, na kwa Farenhaiti ongezeko hilo ni nyuzi 2.7. Mwandishi wa habari atakayefuata kanuni yote bila kufikiri ataongeza 32 na kuandika 34.7, na atakuwa ametangaza maangamizi ya viumbe vyote. Kosa lake ni kusahau kwamba ongezeko ni tofauti kati ya halijoto mbili, na unapotoa moja katika nyingine zile 32 za huku na za kule zinafutana. Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Yapo maneno ambayo yakivushwa kutoka kipimo kimoja hadi kingine hubaki kweli, na yapo yanayovunjika njiani. Ukisema leo joto ni mara mbili ya jana kwa sababu jana lilikuwa nyuzi 10 za Selsiasi na leo ni 20, msomaji wa Farenhaiti ataona 50 na 68, na ile mara mbili haimo. Ukisema joto liko chini ya sifuri, naye atauliza sifuri ya nani. Lakini ukisema kati ya alfajiri na adhuhuri joto limepanda mara tatu ya lilivyopanda kati ya adhuhuri na alasiri, neno lako litavuka salama, hata katika kile kipimo cha kwanza cha Celsius kilichosimama kichwa chini.

Naita hili jaribio la kuvuka, na ndilo linalobeba hoja yangu. Sentensi ambayo ukweli wake unageuka kipimo kinapogeuka inazungumzia kipimo. Sentensi inayobaki kweli katika vyote inazungumzia dunia. Mwanasaikolojia wa Marekani S. S. Stevens alilipanga wazo hili mwaka 1946 katika jarida la Science, alipovigawa vipimo kulingana na mabadiliko ambayo kila kimoja kinaweza kuyavumilia bila kupoteza maana yake. Jaribio hili linafichua mambo ambayo jicho haliyaoni. Joto la kawaida la mwili lililoenea Marekani ni 98.6, na desimali hiyo inafanya lionekane limepimwa kwa uangalifu wa hali ya juu. Lakini linatokana na 37 ya Selsiasi ambayo tabibu Carl Wunderlich wa Leipzig aliieneza kwa kitabu chake cha 1868. Thelathini na saba ni namba iliyokadiriwa. Ilipovushwa ikazaa desimali, na watu wakaidhania desimali hiyo ni ya mwili. Kinyume chake pia hutokea. Nyuzi 40 chini ya sifuri ndipo mahali pekee ambapo vipimo vyote viwili vinataja namba moja, na wengi hupaona kama mahali pa ajabu. Hakuna lolote katika maumbile linalotokea hapo kwa sababu ya kukutana huko. Ni mistari miwili iliyochorwa na watu, ikakatana. Na watu wawili wakisema 30, mmoja akiwa Tanga na kipimajoto cha Selsiasi, mwingine akiwa Chicago na cha Farenhaiti, wa kwanza anavuja jasho na wa pili anaona maji yakiganda. Namba tofauti si ushahidi wa kutokubaliana, na namba sawa si ushahidi wa kukubaliana.

Wasomaji wa Kiswahili wanaishi na jozi nyingine ya vipimo yenye umbo hilihili hasa. Hesabu ya Hijra na hesabu ya Miladia zinatofautiana kwa sifuri na zinatofautiana kwa hatua. Hesabu ya Hijra iliwekwa zama za Khalifa Umar, takriban mwaka wa 17 baada ya tukio inaloanzia. Hesabu ya Miladia ilitungwa na mtawa Dionysius Exiguus huko Roma mwaka 525. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, wa jua 365, na hivyo miaka 33 ya Hijra hukaribia kuwa 32 ya Miladia. Mtume Muhammad alifariki akiwa na miaka 63 kwa hesabu ya kwanza na takriban 61 kwa ya pili, na hakuna mwanahistoria anayesema kwamba pana maisha mawili. Mfano huu unatufaa kwa sababu unarekebisha jambo ambalo mfano wa joto pekee ungeweza kulificha. Kusema sifuri imechaguliwa si kusema haina thamani. Hijra ilichaguliwa iwe mwanzo kwa sababu ilikuwa na maana kubwa kwa waliochagua, na kuzaliwa kwa Yesu vilevile. Uchaguzi unaweza kuwa na sababu nzito, ukabeba kumbukumbu na ibada za umma mzima, na bado urefu wa maisha ya mtu ukawa uleule.

Mpaka hapa anayedai kwamba ukweli ni mali ya kila jamii amekwisha kuulizwa swali gumu. Kama ukweli wa joto ungetegemea jamii, kanuni ya kuvuka ingetoka wapi? Ingekuwaje mtu wa Uppsala, ambaye hajui lolote juu ya barafu na chumvi ya Fahrenheit, aweze kukadiria kabla ya kutazama namba itakayosomwa na mtu wa Chicago, na asikosee? Kuwapo kwa kanuni, na kanuni isiyoshindwa, ni ushahidi kwamba vyombo viwili vinaitika kitu kimoja ambacho si cha yeyote kati yao. Mwanafalsafa Donald Davidson aliwahi kuutumia mfano wa vipimo hivi viwili alipozungumzia tafsiri: wafasiri wawili wanaweza kutofautiana na wote wakawa sahihi, mradi yale yaliyo muhimu yamehifadhiwa. Hakuona katika hilo kufa kwa maana. Aliona kwamba baadhi ya tofauti tulizozidhania kubwa hazikuwa tofauti.

Lakini mpinzani makini hatakomea hapo, na pingamizi lake la pili lina uzito kuliko la kwanza. Atasema: kanuni yako ni mstari ulionyooka kwa sababu mafundi wote wawili walitumia zebaki, na wote wawili waliamua kugawanya mwinuko wake sawasawa. Hiyo ndiyo siri yote. Mpe Celsius spiriti badala ya zebaki na mstari utapinda. Na ana haki. Chukua kipimajoto cha zebaki na cha spiriti, uvifanye vikubaliane kwenye barafu na kwenye maji yanayochemka, halafu viweke pamoja mahali ambapo cha zebaki kinasoma 50. Cha spiriti kitasoma karibu 44. Chombo cha maji kingesoma chini ya 30. Kila kimoja kimegawanywa kwa uaminifu mkubwa, na kila kimoja kinadai kwamba hatua zake ni sawa. Nani aamue? Ili kujua kama zebaki inapanuka sawasawa kadiri joto linavyopanda, unahitaji kujua joto limepanda kiasi gani, na ili kujua hilo unahitaji kipimajoto unachokiamini. Tumerudi tulikotoka. Mwanafalsafa na mwanahistoria wa sayansi Hasok Chang amelichambua tatizo hili katika kitabu chake Inventing Temperature cha 2004, na aliyelisoma jambo hili kwa makini hawezi tena kusema kwa wepesi kwamba kipimajoto kinasoma tu kilichopo.

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika kile chombo cha maji. Maji yakipashwa moto kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 4 hunywea kwanza, ndipo yaanze kupanuka. Kwa hiyo kipimajoto cha maji kinashuka mahali ambapo vingine vyote vinapanda, na kinatoa namba moja kwa hali mbili tofauti. Hatukuhitaji kipimajoto cha kweli tupu mkononi ili kukikataa. Kilijikataa chenyewe kwa kujipinga. Mfaransa Henri Victor Regnault aliifanya njia hii kuwa sheria ya kazi yake huko Paris miaka ya 1840. Hakudai kujua joto lenyewe ni nini. Alidai jambo dogo tu: vipimajoto vya aina moja, vilivyotengenezwa tofauti kidogo, visome namba moja mahali pamoja. Vya zebaki vilishindwa katika joto kali, kwa kuwa aina tofauti za kioo zilivitenganisha. Vya hewa vilifaulu hata alipobadili uzito wa hewa iliyomo. Uchaguzi upo, basi, lakini haukuwa huru. Kila walipochagua vibaya maumbile yaliwarudisha. Mpinzani alisema kweli aliposema kwamba unyoofu wa mstari ulihitaji maamuzi ya watu. Alikosea alipodhani maamuzi hayo yangeweza kwenda upande wowote.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna kati ya Fahrenheit na Celsius aliyelitazamia. William Thomson, mzaliwa wa Belfast ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza mwaka 1848 kipimo kisichotegemea zebaki, wala hewa, wala kitu chochote mahususi, akikijenga juu ya nadharia ya mashine za joto ambayo Mfaransa Sadi Carnot aliichapisha mwaka 1824. Kipimo hicho kilipokamilika kilikuwa na sifuri ambayo haikuchaguliwa. Iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, na nyuzi 459.67 chini ya sifuri ya Farenhaiti, na ukianzia hapo uwiano wenyewe unapata maana. Kutoka nyuzi 10 hadi 20 za Selsiasi joto huongezeka kwa takriban asilimia 3.5, na hewa iliyo huru kutanuka hutanuka kwa kiasi hichohicho, tumia hatua za Selsiasi au za Farenhaiti upendavyo. Maneno mara mbili, ambayo mwanzo yalivunjika njiani, sasa yanavuka. Hili naliona zito kuliko yote katika historia hii, kwa sababu linakataza hitimisho la haraka. Mtu wa mwaka 1742 angekuwa na kila sababu ya kusema kwamba sifuri ya joto ni mapatano ya watu na haiwezi kuwa kitu kingine, naye angekuwa amekosea. Kwamba jambo fulani leo ni la kuchagua hakuthibitishi kwamba hakuna jibu lake linalongoja kugunduliwa. Wala ugunduzi huo haukuvifanya vipimo vya zamani kuwa uongo. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kelvini, yaani hatua moja ya kipimo hicho, imefungamanishwa na namba thabiti ya maumbile iitwayo ya Boltzmann, na bado ukubwa wake ni ule uliotokana na theluji ya Uppsala na mpango wa kugawanya kwa mia.

Lipo pingamizi la tatu, nalo linatoka katika ngozi yetu. Aliyekulia Mombasa huvaa sweta kwenye nyuzi 20 na mgeni kutoka kaskazini ya Ulaya huvua koti. Joto la kweli, atasema mtu, ni lile linalohisiwa, na hilo halina kanuni. John Locke alishaandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba maji yaleyale yanaweza kuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mwingine, ikiwa mikono imetoka katika hali tofauti. Sina haja ya kukanusha. Bati na ubao vilivyolala usiku kucha katika chumba kimoja vina halijoto moja, na bado bati hukushtua unapoligusa, maana huvuta joto la mkono upesi zaidi. Kinachohisiwa ni jambo jingine, linalochanganya unyevu, upepo, mazoea na damu. Lakini pingamizi hili linatufundisha mpaka wa hoja nzima. Kati ya kuhisi kwangu na kuhisi kwako hatuna kanuni ya kuvuka, na pasipo na kanuni hatuwezi kusema tunapima kimoja, wala hatuwezi kusema tunapima viwili. Mfano wa Selsiasi na Farenhaiti hausemi kitu hapo. Unasema tu pale ambapo daraja limejengwa.

Sasa twende kwenye dini, ambako mfano huu hutumika kwa ujasiri mwingi. Mwanafalsafa Mwingereza John Hick, katika kitabu chake An Interpretation of Religion cha 1989, alitetea wazo kwamba dini kuu za dunia ni majibu tofauti ya kibinadamu kwa Uhalisia mmoja wa mwisho, ambao wenyewe ulivyo hakuna anayeweza kuujua. Katika baraza zetu wazo hilo husikika kwa maneno mepesi zaidi, kwamba Mungu ni mmoja na njia ni nyingi. Naliheshimu. Lakini tukumbuke ni nini kilichotupa haki ya kusema kwamba vipimajoto viwili vinapima kitu kimoja. Tulivichovya pamoja katika barafu ileile, kisha katika maji yaleyale yanayochemka. Hick anasema Uhalisia wenyewe haufikiwi na yeyote. Maana yake ni kwamba chombo cha kuchovya hakipo. Alilitambua tatizo, akatafuta ishara inayoonekana: mtu kugeuka kutoka kujifanya yeye ndiye kitovu hadi kuuweka Uhalisia huo kuwa kitovu, na matunda ya mgeuko huo katika maisha ya watakatifu. Ni ishara nzuri. Hata hivyo ni nukta moja, na kupitia nukta moja mistari isiyo na idadi inaweza kuchorwa. Tunahitaji mbili kwa uchache ndipo tujue hatua na mwanzo. Na tukumbuke lile tuliloliona kwenye 30 ya Tanga na 30 ya Chicago: maneno mawili kufanana, kama vile wokovu kwa huyu na wokovu kwa yule, bado hakujatuambia kwamba waliotamka wako mahali pamoja.

Muumini atauliza upande wake: kwa nini imani yangu iwe kipimo kimoja kati ya vingi, na isiwe ile yenye sifuri isiyochaguliwa? Swali hili ni halali, na kumwita mwenye kuuliza mtu wa kiburi si jibu. Habari ya Thomson inaonyesha kwamba kitu kama hicho kinawezekana. Lakini Thomson hakuwataka watu waikubali sifuri yake kwa heshima au kwa ukoo. Mwenye kipimajoto cha Farenhaiti aliweza kubaki na kipimajoto chake, akapima kutanuka kwa hewa, akaifikia sifuri ileile kwa njia yake mwenyewe. Anayedai sifuri ya kweli katika mambo ya roho naye anadaiwa hivyo: aonyeshe linaloweza kuonwa na aliye nje. Na akisema kwamba mambo ya Mungu hayachovywi wala hayapimwi, nitakubaliana naye kwa moyo wote, lakini hapo mfano wa nyuzi utakuwa umeondoka mikononi mwa wote, wanaosema dini zote ni moja na wanaosema hakuna iliyo kweli.

Katika maadili hali ni afadhali, kwa sababu tendo linaweza kuwekwa mbele ya watu wawili kwa wakati mmoja. Sura ya 83 ya Qurani inaitwa Al-Mutaffifin, na inaanza kwa kuwalaani wanaopunja vipimo. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 11, kinaanza kwa kuikataa mizani ya udanganyifu. Katika soko la mwambao, muuzaji aliyeuza pishi ya mchele isiyotimia vibaba vinne alihukumiwa na Mwislamu na Mkristo waliosimama mbele ya meza moja, wakitazama mchele mmoja, na hukumu zao zilikutana. Hiyo ni nukta, na inaweza kukaguliwa. Ya pili ni lazima itafutwe mbali na ile ya kwanza, mahali ambapo jamii hizo mbili zinatoa hukumu zenye uzito tofauti, kama katika mirathi au katika riba, ili ijulikane tofauti hiyo ni ya hatua na mwanzo tu au ni ya kitu kinachopimwa. Celsius alitumia majira ya baridi mawili kwa nukta moja ya theluji kabla ya kuchora mstari wowote. Sioni kwa nini kazi hii ya pili, iliyo nzito zaidi, idhaniwe imekwisha kabla ya kuanza.